Shimo la Kumkalishia Heri

Niseme mapema kwamba katika habari hii mimi si mtu wa kusimama katikati. Imakulata ni jirani yangu hapa Kasokola, tumetenganishwa na ua wa mabua tu, na aliyemtenda nilikuwa namheshimu kuliko dada zangu wa tumbo moja. Kwa hiyo ukiona nimepandisha sauti, ujue sababu.

Imakulata ni mtu wa Karema, ziwani. Aliyemleta huku ni Gaudensia, mama wa watoto watano, ambaye alikwenda kununua dagaa akamwona binti anaanika samaki huku anaimba. Aliporudi alimwambia mdogo wake Josephat, "Nimekupatia mke." Josephat hajawahi kukataa neno la dada yake, akakubali kabla hajamwona bibi harusi. Na kwa kweli walipatana. Imakulata ni mtu wa kucheka, akishika jembe hanyooshi mgongo mpaka amalize tuta, na akikuazima chumvi hakukumbushi.

Mwaka jana mwezi wa tano alijifungua zahanati mtoto wa kiume, Heri. Uchungu ulimshika siku mbili, akapoteza damu nyingi, na alipozinduka alimkuta wifi yake amempakata mtoto.

"Mzima kabisa," Gaudensia alimwambia. "Kafanana na baba yake mpaka masikio."

Josephat alikuwa na kibarua machimboni, anarudi mwisho wa mwezi, na Imakulata alikuwa bado dhaifu. Gaudensia akasema, "Wewe pona kwanza, mambo ya kliniki niachie mimi." Kila mwezi alimfunga Heri mgongoni akaenda naye kupimwa, na kadi ya kliniki akaitunza nyumbani kwake. Mimi mwenyewe nilitangaza kanisani, mbele za watu, kwamba wifi wa namna hii ni bahati. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Heri alipofika miezi minne, ukimlaza kifudifudi alizika uso kwenye mkeka akalia. Viganja alivikunja muda wote, dole gumba ndani, na miguu ilikuwa migumu hata kumvalisha nepi ilikuwa kazi. Imakulata aliuliza. Ni mtoto wake wa kwanza, angejuaje?

"Wangu wa tatu alikuwa hivi hivi," Gaudensia akamjibu. "Watoto hawalingani, wifi. Ukimchunguza sana utamtia uvivu."

Nani angembishia mama wa watano?

Kwetu mtoto akifikia umri wa kukaa huchimbiwa kishimo uani. Anawekwa humo mpaka kiunoni, anazungushiwa kanga, mgongo ujifunze kazi yake. Baada ya siku chache anatolewa, anawekwa kwenye mkeka akae mwenyewe. Shimo la Heri alilichimba Gaudensia kwa mkono wake, tena refu, linamfika kwapani. Akamshindilia kanga mbili kila upande, mtoto akakaa wima kama mzigo uliofungwa vizuri, anaangalia kuku.

"Imakulata, njoo uone! Mwanao anakaa!"

Imakulata alitupa jembe akaja anakimbia, akacheza pale uani mpaka kilemba kikadondoka. Nami nikapiga vigelegele. Miezi miwili ikapita Heri yuko shimoni, na kila mama yake alipotaka kumtoa, wifi alisema mgongo bado mbichi.

Mwezi wa pili mwaka huu Gaudensia alikwenda msibani, kijiji cha mbali. Siku ya kliniki ikafika, Imakulata akaichukua kadi kwa watoto wa wifi yake, akampeleka Heri mwenyewe, nami nikamsindikiza. Nesi alitandika mkeka.

"Mkalishe nimwone."

Imakulata alimkalisha kwa madaha, akamwachia. Heri akaanguka ubavu. Mama yake alicheka, akadhani ameteleza, akamkalisha tena, akaanguka tena. Mara ya tatu nesi alimdaka kabla hajafika chini, na Imakulata hakucheka.

"Mbona hapa imeandikwa anakaa tangu miezi sita?" nesi aliuliza.

"Anakaa, sista. Kwenye shimo anakaa vizuri tu."

Nesi alifunua ukurasa wa mbele wa kadi, akausoma kwa sauti ya chini. Mtoto hakulia alipozaliwa. Alisaidiwa kupumua kwa dakika kadhaa. Apelekwe hospitali kubwa mjini baada ya wiki sita achunguzwe viungo. Ndugu ameelezwa: Gaudensia, shangazi.

"Kila mwezi tukimuuliza shangazi anatuambia mnampeleka, anaendelea na mazoezi, na anakaa," nesi alisema. "Wewe hukuwahi kusoma hii?"

"Kadi inakaa kwa wifi yangu."

Basi nesi akamweleza taratibu. Hewa ilichelewa kumfikia mtoto, ikaumiza sehemu ya ubongo inayoongoza viungo. Hilo halikuwa kosa la mama. Mazoezi yanasaidia, wengine hukaa, wengine husimama dede ila kwa kuchelewa, lakini yeye nesi hawezi kumwahidi kitu. Miezi ya mwanzo ndiyo ilikuwa ya kuanzia, alisema, na miezi tisa ilikuwa imekwisha kwenda.

Imakulata hakulia. Njiani aliniuliza, "Na wewe ulijua?" Nilimwapia sikujua, na bado swali lile linanichoma, maana nilikuwa nastahili kuulizwa. Alipofika nyumbani alichukua koleo akalifukia lile shimo, akalishindilia kwa miguu.

Gaudensia alirudi siku ya nne. Hakupita ua.

"Wifi, niliogopa," alisema akiwa nje. "Mimi ndiye niliyekuleta kwenye ukoo. Wangesema nimemletea mdogo wangu mke asiyefaa. Josephat angekuacha. Nikasema shimo litamnyoosha tu, taratibu."

"Kwa hiyo ulinionea huruma."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Na Heri mbona hukumwonea huruma?"

Imakulata akamwambia asikanyage uwanja wake tena, na mimi moyoni nikamshangilia. Josephat aliporudi aliambiwa yote. Hakumwacha mke. Alikaa kwenye gogo amemshika mwanawe, akalia kama mtoto, na kwa dada yake hakwenda.

Hospitali ya mjini walimfundisha Imakulata mazoezi. Kila asubuhi anaikunja kanga, anamlaza Heri kifudifudi juu yake, viwiko mbele, kisha yeye anakaa mbele yake anamwita, ili ainue kichwa amtafute. Shingo ikipata nguvu, mgongo utafuata. Wiki tatu alifanya hivyo bila kukosa. Alimwimbia, alimtingishia kopo la mahindi, alimbembeleza mpaka sauti ikakauka. Heri aliinua kidogo tu, kisha akazika uso. Siku nyingine Imakulata alilala naye pale mkekani, shavu kwa shavu, akamwomba kabisa kama anavyoombwa mtu mzima.

Asubuhi moja nilikuwa napepeta mchele huku nawaangalia. Gaudensia alipita nje ya ua na ndoo yake, anakwenda kisimani. Alinisalimia kama kawaida yake, "Umeamkaje, jirani?" Sikumwitikia.

Heri ndiye aliyeitikia. Viwiko vilijikaza, kifua kikaachana na kanga, shingo ikapanda, ikapanda, mpaka kichwa kikasimama. Aliangaza macho huku na huku akiitafuta ile sauti iliyombeba mgongoni miezi tisa, na alicheka.

Niliuona uso wa Imakulata. Sijawahi kuona mtu anaumia na kufurahi kwa pamoja namna ile, na nilidhani atamziba mtoto masikio. Nje, Gaudensia alikuwa ameanza kuondoka. Kichwa cha Heri kikaanza kushuka.

"Simama hapo hapo," Imakulata alisema, bila kugeuka. "Usiingie kwangu. Mwite tena."