Swali Ambalo Matano Hakurudi Kuliuliza

Kavindu alizaliwa katika shamba walilopewa wazazi wake waliotoka Ukambani, na huu ulikuwa mwaka wake wa tisa wa uuguzi katika zahanati ndogo upande wa Mkongani. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mdomo vilevile. Foleni ilikuwa ndefu kila siku, nao wauguzi ni wawili tu. Mtu akimuuliza jambo ambalo yeye alilijua tangu shule ya msingi, lilimchoma.

Matano, mkwezi wa minazi aliyekaribia miaka sitini, alikuja kuoshwa kidonda cha mguu. Kavindu akampima na presha, akaikuta iko juu mno. Akampa vidonge vya mwezi mmoja, kimoja kila asubuhi. Matano akavitazama, akauliza presha ndiyo nini, maana yeye haumwi popote ila mguu.

"Mzee, umri wote huo, hata presha huijui?" Kavindu alisema, kwa sauti iliyofika nje kwenye foleni.

Watu wakacheka. Matano naye akacheka kidogo, akashukuru, akaenda zake.

Miezi mitano ikapita. Asubuhi moja akaingia mkewe Matano, Rai, kuuliza kama iko dawa ya mtu aliyekatika kauli. Alieleza kwamba mumewe alianguka uani akitawadha, akalazwa hospitali siku kumi na mbili, akarudi nyumbani upande wa kulia umekufa na maneno yamempotea.

Kavindu akafungua daftari. Matano alichukua dawa mara moja tu. Akamuuliza Rai, kwa ukali wake uleule, kwa nini mzee hakurudi.

"Alivimeza vyote, hakuruka hata siku moja," Rai alisema. "Vilipokwisha hakujua kama ndiyo amepona au vyatakiwa vingine. Nikamwambia nenda kaulize. Akanijibu, nimechekwa mara moja, yatosha."

Kavindu alifunga daftari, akalifungua tena, wala hakuona alichokuwa akisoma.

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Matano. Alimwamkia Matano shikamoo, akachutama kando ya kitanda, akamwambia kwamba alimkosea, na kwamba lile lilikuwa swali la haki. Matano alimtazama kwa muda, kisha akageuzia uso ukutani. Ikiwa ni hasira au uchovu, hakuna aliyejua. Kavindu aliendelea kwenda kila Jumamosi, akimgeuza asipate vidonda vya mgongo, akimfundisha Rai kumlisha uji asipaliwe. Matano hakumpa ishara yoyote, ya radhi wala ya chuki, mpaka alipofariki mwezi wa Shaabani.

Baada ya arobaini Kavindu alimpima Rai, akakuta naye anayo presha. Akaketi naye mkekani na kumweleza polepole: mtu huweza kuwa nayo bila maumivu yoyote, na vidonge havimalizi ugonjwa, huushika tu, kwa hiyo vikikaribia kwisha hufuatwa vingine, maisha yote.

Rai aliinua uso.

"Kwa hiyo angalirudi, asingalipona?"

"Asingalipona, mama. Angalizidi kumeza tu. Lakini pengine angalikuwapo."

"Na hilo ndilo alilokuwa hajui? Hilo tu?"

"Hilo tu," alisema Kavindu.