Sufuria ya Matanga Haitoki Bila Maiti

Watu wa semina wanapenda kuniita mama wa amani. Wananikalisha kwenye kiti cha plastiki, wananipa fanta, wanataka niseme polepole juu ya upendo. Siku ile ya sufuria sikuwa na upendo wowote. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Na msiniulize kabila langu. Mkishalijua mtaanza kunihurumia ama kunitafutia makosa, na vyote viwili sivitaki.

Wakati wa vita vya makabila, mji wetu wa Bunia, Kongo, uligawanywa kama nyama: kartie hii, yaani mtaa huu, ya hawa, ile ya wale. Kwetu vijana waliweka bariyeri ya kuzuia watu kwenye njia ya kwenda sokoni, na siye wanawake tukawa tunawapikia kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile. Bugali na maharagi, sombe la majani ya muhogo likipatikana. Tuliambiwa wanatulinda. Hakuna mwanamke aliyesema anapikia vita. Kila mmoja alisema anapikia watoto wa jirani. Lakini tumbo likishiba ndipo mtu anapata nguvu ya kwenda kuchoma nyumba, na waliochoma walikula kwetu kwanza.

Kulikuwa na mama mmoja wa kabila lile lingine, jirani yangu, aliyebaki kati yetu kwa ubishi tu. Yeye ndiye aliyekuwa na sufuria kubwa ya kartie, ile inayobebwa na watu wawili. Akifa mtu, wa kabila lolote, aliiazimisha bure. Sharti lake lilikuwa moja: ya matanga ni ya matanga. Haitoki kwa arusi, haitoki kwa ubatizo. Ikionekana njiani, watu walivua kofia na kuuliza, "Nani amekufa?"

Asubuhi moja mama huyo alikimbia na watoto wake. Mchana vijana wakaingia kwake. Walichukua godoro, wakang'oa mabati, wakabeba na sufuria. Na zamu ya kupika ilikuwa yangu.

Wakaitua mbele ya jiko langu.

"Mama, yako iko kadogo," komanda wao akaniambia. Nilimjua tangu akiuza mafuta ya taa kwa chupa. "Siku hizi siye tuko wengi. Pikia mu hii."

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu alikufa."

"Basi hii inatafuta nini kwangu?"

Mmoja akacheka. Komanda hakucheka. "Weye mama, usituletee mchezo. Pika!"

"Sipiki. Ulikula mu hii sufuria ku matanga ya baba yako, na ni miye nilikupakulia. Leo unataka kula matanga kabla ya maiti? Sawa. Nionyeshe kwanza ni nani kati yenu tutamuzika."

Waliokuwa wameibeba wakaanza kujifuta mikono kwenye suruali. Komanda alinipiga kofi, meno yakagongana. Kisha akawaamuru waipeleke nyumba ya ng'ambo. Nikasikia mama wa pale naye anauliza, kwa sauti ya kusikiwa na avenyi nzima, "Nani amekufa?" Na wa tatu vilevile. Msidhani tulikuwa tumefanya mkutano. Ndilo swali linaloulizwa sufuria ile ikifika, basi. Ikazunguka mlango kwa mlango, na hakuna aliyewasha moto chini yake.

Wakarudi kwangu na njaa yao, wakanikuta ninanyonyesha. Komanda alikuwa ameshika panga mbili.

"Mwanamke asiyepika, bwana yake anakuja kupigana ku bariyeri. Bwana yako iko wapi?"

Alikuwa ndani, na mamukwe wangu naye. Mamukwe ndiye aliyetoka kwanza, akinielekezea kidole mimi, si wao.

"Washa moto, muchawi weye! Unataka kuniulia mutoto?"

"Wakimupeleka kule atauawa vilevile, mama. Ama ataua."

"Aue basi! Aue, lakini arudi!"

Bwana yangu akatokea mlangoni. Nilimtazama uso nikaona kwamba anakwenda. Hakuwa anapenda vita, mtu yule anaogopa hata kuchinja kuku. Alikuwa anakwenda kwa aibu, kwa kuwa wanaume wenzake wanamtazama. Komanda akamnyoshea panga moja, na mkono wa bwana yangu ukaanza kuinuka kuipokea.

Nilimtoa mtoto wetu kwenye ziwa nikamsukumia bwana yangu kifuani. Hakuwa na la kufanya ila kumshika kwa mikono yote miwili.

"Weka mutoto chini," komanda akasema.

Mtoto analia. Maziwa yangu yanamwagika kwenye nguo. Bwana yangu akamtazama mtoto, akanitazama mimi kwa chuki ambayo sijaisahau.

"Hapana," akasema.

Walimpiga kwa ubapa wa panga, mgongoni, hadi akapiga magoti. Alijikunja juu ya mtoto, hakumwachia. Walipochoka wakaondoka, wakitutukana, wakaenda kutafuta muhogo wa kuchoma wenyewe.

Mgongo wake haukunyooka tena vizuri. Wageni wakiuliza anasema alianguka na pikipiki. Nami nikiwa na sahani mkononi ninasema hapohapo, mbele yao: "Alipigwa, na hakupiga mtu." Anakasirika. Anasema nilimfanya mwanamke mbele ya kartie nzima. Tunagombana hadi wageni wanaaga bila kumaliza chakula, na kesho yake tunaanza upya.