Baiskeli Msituni, Wageni Langoni

Kila Jumamosi wanapita hapa kwetu Ruiru kabla jua halijawaka, wamejikunja juu ya baiskeli nyembamba kama mbu. Kaptura za kubana, kofia za plastiki, miwani. Majirani huwacheka. Mimi siwacheki, natazama mapaja. Paja ndilo linalopanda mlima, si baiskeli, na mapaja ya kupanda nimeyajua tangu nikiwa msichana wa kule juu, upande wa Gatura, ambako nchi yote ni migongo ya milima na mito. Ukifuata mgongo unatembea kama bwana. Lakini ukitaka kwenda kwa jirani, unashuka mpaka mtoni magoti yakilia, halafu unapanda tena, na jirani mwenyewe ulikuwa unamwona ukiwa mlangoni kwako.

Nilibeba kuni, nikabeba maji, nikabeba majani ya chai ya watu wengine, kamba ya ngozi imepita juu ya kichwa. Ukinigusa hapa kwenye paji la uso, kidole chako kitaingia kwenye mfereji. Wajukuu wakiwa wadogo walikuwa wakiweka maharagwe hapo wakicheka. Shule nilitolewa darasa la pili. Lakini barabara ya kupanda Gatura hakuna kona nisiyoijua, mpaka pale msitu unapoanza. Hapo ndipo nilipokuwa nikiishia. Wanaume walivuka msitu wakafika Njabini, wakarudi wakasema huko ni baridi. Mimi hakuna aliyeniuliza kama nataka kuona.

Mtoto wa kwanza wa kike wa mwanangu alipewa jina langu, kwa maana desturi yetu inasema huyo ni wa mama ya baba. Kwa hivyo yeye si mjukuu tu. Yeye ni mimi nimerudi na meno. Babake akimkaripia mbele yangu nilikuwa namwambia, "Chunga mdomo, unaongea na mamako."

Alikuwa anafanya kazi kiwandani Thika, akienda na kurudi na baiskeli kuukuu, hata mvua inyeshe. Siku moja akawapita hao wa Jumamosi kwenye kilima, amevaa aproni ya kiwanda. Wakamwita. Wakamwazima baiskeli nyembamba, na akaanza kupita hapa nyumbani pamoja nao, mimi nimesimama langoni nikijivuna kama mama yake.

Basi kocha wao akatangaza safari. Watoke Ruiru, wapite Thika, wapande Gatura, wavuke msitu wote mpaka Njabini, halafu warudi. Siku hizi lami imefika huko. Nyuma litafuata gari la kuokota waliochoka, na msichana atakayevuka bila kuingia gari, huyo ndiye atakayechukuliwa kwa mashindano na kufundishwa sawasawa. Wasichana walikuwa watatu.

Na Jumamosi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imepangwa ya wageni kuja kumposa.

Kijana alikuwa wa Kalimoni, mpole, sina neno naye. Shida ilikuwa mamake. Walipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, aliketi kwenye kiti changu, akanywa chai yangu, akasema, "Mke wa mwanangu hawezi kupita barabarani mapaja nje kama kuku aliyenyonyolewa." Kijana akatazama viatu vyake. Mjukuu wangu akasikia. Sote tukajua kwamba kuolewa huko ni kushuka baiskeli.

Mwanangu alipopata habari ya safari ya mlima alipiga meza. "Hataenda! Nitawaambia nini wazee wa watu?"

"Waambie atarudi," nikamwambia.

"Asiporudi kwa wakati nitamjibia mimi. Mimi ni babake."

Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Kwetu pombe ya wageni hainywewi mpaka msichana aitwe mbele ya watu wote, na babake amuulize: tunywe, au tusinywe? Akisema tunywe, ameolewa. Akikataa, wageni wanabeba pombe yao na mbuzi wao na kurudi kwao. Siku nyingine zote msichana anaamriwa, lakini hiyo moja anaulizwa. Na mwanangu, niliyemzaa mimi, alitaka kula hata hilo.

Alfajiri nilimfungulia lango mwenyewe. Nilimpa nduma mbili za kuchemsha akaziweka kwenye mfuko wa mgongoni.

"Cucu, nikichelewa?" akaniuliza, maana hivyo ndivyo kwetu tunavyomwita bibi.

"Wewe panda. Wageni niachie. Na ukifika pale msitu unapoanza, usisimame. Mimi nilisimama."

Saa sita wageni wakafika. Na hapa nijisifu kidogo. Wageni wa mahari hawaingii hivi hivi. Wanawake wa boma wanawazuia langoni kwa nyimbo na matusi matamu mpaka waridhike. Siku hizi watu wanaimba wimbo mmoja, wanapiga picha, wanafungua. Mimi nilikuwa nimewaita wanawake wa rika langu, wote waliobaki na sauti, nikawaambia hili lango leo ni langu.

Msemaji wao akaanza kwa adabu. "Tulikuwa tunapita tu, tukaona ua zuri ndani ya boma hili."

"Ua? Hapa kuna sukuma wiki. Mmepotea, rudini."

Wakacheka. Tukaimba. Wakajibu. Tukaimba tena.

"Na huyo mzee wa koti, koti ni lake ama la kuazima?"

"Ni langu, mami!"

"Geuka tuone mgongo."

Akageuka, maskini. Mshono ulikuwa umeachia. Wanawake wangu wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Jua lilikuwa kali. Wageni walijifunika magazeti. Mwanangu akaja nyuma yangu akininong'onezea, "Mami, wafungulie. Utaniulia watu."

"Desturi si mlango wa duka," nikamwambia. "Lete maji, uwape kupitia hapo kwa tundu."

Wanawake wangu waliimba mpaka sauti zikawa za bata. Mmoja akaketi chini. Hapo mama ya kijana akasukuma watu akaja mbele, uso kwa uso na mimi, vyuma vya lango katikati yetu.

"Mami, niambie kama mwanamke. Msichana yuko, au hayuko?"

"Yuko. Anajitengeneza."

"Tangu saa sita?"

"Wewe ulijitengeneza haraka? Tunaona."

Nilikuwa nimemaliza nyimbo zote, hata za kanisani. Ndipo nikaona wageni wa nyuma wanageuza vichwa. Alikuwa anakuja barabarani polepole, kofia imeinama, goti moja lina damu iliyokauka, vumbi mpaka kwenye kope. Akashuka. Wageni wakampisha, na huyo kuku aliyenyonyolewa akapita katikati yao akisukuma baiskeli, akisalimia kila mzee kwa heshima. Nikafungua lango.

Walimvalisha gauni juu ya ile kaptura. Akaitwa mbele ya watu wote. Mwanangu akamuuliza kama inavyotakiwa, sauti yake ndogo, kwa sababu alijua ninamtazama.

"Mwanangu, hawa wageni wana kinywaji chao. Tunywe?"

Kimya. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni. Nilikuwa nimelizuia lango siku nzima kwa kifua changu ili apate hicho kimya. Akanitazama. Akamtazama babake. Akawatazama mbuzi waliofungwa kwenye ua, na wale wazee waliochomwa na jua.

"Tunywe, baba."

Vigelegele vikapigwa. Mimi sikupiga.

Jioni nilimwosha miguu kwa maji ya chumvi nyuma ya jikoni. Misuli ilikuwa migumu kama mihogo.

"Ulivuka?"

"Nilivuka, Cucu. Wale wengine wawili waliingia gari. Kocha alinikumbatia."

"Basi kwa nini umesema tunywe?"

"Watu wote wale, Cucu. Na babangu vile alikuwa ananiangalia. Ningesema nini?"

"Neno moja."

Alilia kidogo. Nilimwacha alie. Halafu nikamuuliza lile lililokuwa limenikaa kooni tangu ujana wangu.

"Huko upande wa pili kuna nini?"

Akafikiri. "Viazi, Cucu. Viazi na ukungu. Halafu barabara inashuka, inashuka, hukanyagi kitu, unasikia upepo tu." Akafumba macho. "Hata hukumbuki una miguu."

Ningemchapa kofi. Ukiona kitu kama hicho, unarudi kukipa mgongo?

Baiskeli ilirudishwa kwa wenyewe. Yuko Kalimoni sasa, anakata majani ya ng'ombe, anavaa sketi ndefu, na mama mkwe anamsifu kanisani. Kocha akipita hapa Jumamosi bado anapunguza mwendo. "Cucu, msichana yuko?" Nami namjibu, hayuko. Anainua mkono, anaenda zake na watu wake kuelekea milimani.

Mwaka huu amejifungua. Msichana. Na kwa vile ni mtoto wa kwanza, na desturi ni ile ile niliyojivunia, jina lake ni la mama ya babake, yule aliyesema kuku aliyenyonyolewa. Nilienda na uji, nikaketi, nikapewa mtoto. Mama mkwe akasimama juu yangu akitabasamu. "Mwangalie, mami. Si amefanana nami?"

Nilifunua blanketi upande wa chini, nikashika paja.

"Uso, ndiyo," nikamwambia.