Koti Lililorudi Bila Kuvaliwa: Dobi na Mwanawe Aliyetaka Kuhama Kitivo

Ni asubuhi, jua limeshapanda. Mama Pasi analishika koti jeupe mabegani, analiinua mpaka kwenye mwanga wa dirisha, analigeuza mbele na nyuma kama mtu anayedhani anauziwa kitu kibovu. Kisha anainamisha pua kwapani na kunusa.

"Huyu kaniambia amelivaa mara moja," anasema. "Mara moja yenye jasho la wiki." Analitupa kwenye beseni la bluu, la makoti yanayohitaji kulowekwa.

Chumba chake cha kazi kiko mtaa wa nyuma ya chuo kikuu. Kina meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, na pasi mbili, mpini wa moja umefungwa kitambaa. Vipande vya sabuni vilivyobaki amevikusanya ndani ya soksi, akaifunga fundo. Soksi hiyo ndiyo anayosugulia kola. Uani kuna kamba nne, na siku ya jua kali makoti ya wanafunzi wa udaktari huning'inia pale kama watu waliopanga foleni.

Kwa koti moja hulipwa bei ya mkate mmoja. Kwa mikate hiyo amemlea mwanawe wa pekee tangu baba mtu alipofariki, akamsomesha mpaka akaingia chuo hichohicho, Kitivo cha Tiba. Koti la kijana alilinunua mapema, wakati matokeo ya sekondari hayajatoka. Alilifua mara mbili, akalipiga wanga, akalitundika ndani ya mfuko.

Mwaka wa kwanza koti lilikuwa likija na madoa ya dawa na harufu ya maabara. Mwaka wa pili, katikati ya muhula, Mama Pasi akaanza kulitilia shaka.

"Mikunjo haikuwa ya mtu aliyekaa," anaeleza, huku akikunja kiwiko kuonyesha. "Mtu akikaa, koti hukunjika hapa na hapa. Lile lilikunjika kila mahali, kama limefinyangwa kwa mikono."

Doa nalo lilikuwa lilelile kila wiki, la zambarau, kwenye mkono wa kushoto, kubwa kama kifungo. Mama akajiuliza ni dawa gani hiyo inayomrukia mtu mahali pamoja kila wiki.

Kwanza alidhani ni mwanamke. Kisha akadhani ni kamari. Usiku mwingine akadhani kijana amefukuzwa na anaona haya kusema. Alipomuuliza mezani, jibu lilikuwa moja tu, kwamba masomo yanaendelea. Mdogo wake Mama Pasi, ambaye hupiga pasi naye, alimcheka. Alimwambia yeye hata maji ya mvua huyauliza yametoka wapi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama Pasi alimjibu, "na nguo ndizo kazi yangu."

Akafanya jambo ambalo dobi peke yake angelifikiria. Alipolinyoosha koti, aliifunga midomo ya mifuko kwa uzi mweupe, kidogo tu, kiasi cha kukatika mtu akitia mkono. Koti lilikwenda, likarudi limefinyangwa, doa la zambarau lipo. Nyuzi zilikuwa nzima.

"Mwanafunzi wa udaktari, wiki nzima hajatia mkono mfukoni? Hata kalamu?"

Kesho yake alibeba furushi la makoti kana kwamba anapeleka kwa wateja, akaingia ofisi ya Kitivo cha Tiba. Hakutaka kumweleza mtu neno. Alimwomba karani amwambie tu kama mwanawe bado ni mwanafunzi pale. Karani akamwita mwalimu wa maabara, na mwalimu akasema kijana huyo hajamwona tangu muhula ulipoanza. Halafu mwalimu naye akaanza kuuliza. Kama hajamwona, nani amekuwa akimwitikia jina?

Mama Pasi alijua hapo hapo kwamba amefungua mlango ambao hawezi kuufunga.

Jioni ile kijana alirudi mapema. Hakukaa.

"Mama, umeniulizia ofisini?"

"Nimeuliza."

"Si ungeniuliza mimi."

"Wewe nimekuuliza mpaka ulimi ukachoka. Ukaniambia masomo yanaendelea."

"Yanaendelea. Ila siyo kule."

Ndipo akasema yote. Alikuwa anataka kuhama Kitivo cha Tiba aende Kitivo cha Uhandisi, chuo kilekile, upande wa pili wa uwanja wa mpira. Uhandisi walikwishakubali kumpokea. Ilibaki Tiba waridhie kumwachia, maana mwanafunzi hahami kitivo bila wakuu wote wawili kukubaliana, na mpaka siku hiyo anatakiwa ahudhurie kule alikosajiliwa. Yeye hakungoja. Mchana alishinda karakana ya uhandisi, na rafiki yake akamwitikia jina maabara. Koti alilifinyanga kwa mikono na kulidondoshea dawa ya zambarau, ili mama adhani limevaliwa.

Mama alimuuliza udaktari umemkosea nini.

"Wodini mwalimu aliniuliza mgonjwa anaumwa wapi," kijana alisema. "Nikamjibu mashine yake ya hewa inavuja. Wenzangu wakacheka. Ilikuwa inavuja kweli, mama."

Sasa Tiba walikuwa wanataka kumfuta kwa utoro. Akifutwa, Uhandisi hawawezi kumchukua, kwa sababu hakutakuwa na mwanafunzi wa kuhamishwa. Angerudi nyumbani bila udaktari na bila uhandisi, na aliyewapa Tiba habari ni mama yake mzazi.

Wengine wangelia. Mama Pasi akazidi kushuku. Alimuuliza mwanawe ni nani anayekitaka kiti chake pale Tiba, maana kiti cha udaktari hakiachwi wazi bila mtoto wa mkubwa kukikalia. Kijana akaapa hakuna mtu. Kiapo hakikumtosha mama. Asubuhi alivuka uwanja wa mpira kwenda kujionea.

Karakana aliikuta imejaa vitanda vya hospitali vilivyopinduliwa miguu juu, na mashine zimefunguliwa matumbo. Fundi wa pale, mzee mwenye miwani iliyofungwa gundi, alimsalimia kwa heshima, akamletea kigoda. Mama Pasi alikaa, akamuuliza kijana wake wanamlipa nini, maana alihisi wanamfanyisha kazi ya bure.

"Hatumlipi, dada yangu," fundi alisema. "Tunamfukuza jioni ili tufunge mlango. Haondoki."

Alimwonyesha mashine ya hewa iliyokuwa mezani, ambayo kijana ndiye aliyeitengeneza, akaiwasha. Mama Pasi aliisikiliza kwa muda mrefu, akapitisha kiganja kila kiungo akitafuta upepo. Hakuupata.

Kumwendea mkuu wa Kitivo cha Tiba kulimchukua siku za kukaa kwenye benchi. Mkuu alipompokea, alimtazama kama yeye anavyotazama makwapa ya makoti. Alisema wazazi humjia na machozi kila mwaka, na nusu ya machozi hayo ni ya vitunguu. Kwa maoni yake kijana alikuwa anaogopa mitihani.

"Mtu anayekimbia mtihani, nikimhamisha, ninamhamisha na ugonjwa wake," alisema.

Mama Pasi hakubishana. Alikiri kwamba mwanawe alidanganya, na rafiki yake pia, na kwamba yeye mwenyewe alikuja kuchongea bila kujua anachongea nini. Aliomba kijana apewe njia, hata iwe nyembamba.

Njia waliyompa ni hii: afidie mazoezi yote aliyokosa, kila Jumamosi, afanye mitihani ya muhula na wenzake, afaulu yote. Akianguka hata somo moja, atafutwa kwa utoro. Akifaulu, ombi lake la kuhama litasikilizwa.

Miezi ile koti lilirudi limechoka kweli. Mama alilikagua kila Jumamosi jioni na hakuficha kwamba analikagua. Moyoni alikuwa na jambo ambalo hakumwambia hata mdogo wake. Alitumaini kijana, kwa kusoma hivyo, atabadili nia abaki.

Matokeo yalipotoka waliitwa wote wawili. Kijana alifaulu kila somo, mengine vizuri sana. Mkuu aliziangalia alama, akavua miwani.

"Alama hizi ni za mtu wa kubaki," alisema. "Mama, mara ya kwanza ulikuja kutuambia, mara ya pili kutuomba. Leo unasemaje?"

Mama Pasi anasema maneno yalimfika kooni: abaki. Alikuwa ameyasubiri tangu kijana akiwa darasa la kwanza.

"Nikijibu mimi, nitamponza tena," alimwambia mkuu. "Muulize mwenyewe. Mimi niko hapa kusikia."

Kijana akaulizwa, akasema anahama. Mkuu akaridhia palepale, bila hotuba.

Muhula mpya unaanza mwezi ujao. Mama Pasi amekwishavuka uwanja wa mpira mara nyingine, safari hii kumwomba fundi wa karakana ampe kazi ya kufua ovaroli za wanafunzi. Hajawahi kufua grisi. Anajifunza kwa matambara, anayapaka, anayaloweka, anayasugua, anayanusa. Mdogo wake anamwambia harufu ile itawafukuza wateja wa makoti meupe, naye anamjibu kwamba wateja ni pua tu, watazoea.

Amepanga kila ovaroli aifunge uzi wa rangi yake, asichanganye ya huyu na ya yule. Fundi amemwahidi jibu kabla ya madarasa kufunguliwa.

"Mwanangu anadhani naitaka kazi hiyo nipate kumchunguza," anasema Mama Pasi, akilinyoosha koti la mtoto wa mwenzake juu ya meza. Anashusha pasi, anaipitisha polepole kwenye kola mpaka mwisho. "Hajakosea."