Bastola ya Inspekta na Dawa ya Mchwa

Siku yangu ya kwanza katika ghala la silaha la polisi Masasi, Sajenti wa Ghala alinikabidhi bastola akaniuliza, "Ina risasi?"

"Haina, Afande."

"Umejuaje?"

"Si umenipa wewe, Afande?"

"Basi umeshakufa. Toka nje. Ukifufuka, uingie upya."

Nikatoka, nikasimama juani kidogo, nikarudi na kuikagua mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyoanza ufundi wa silaha enzi za Mwingereza, mimi niliyetoka Lukuledi nikijua cherehani za misheni tu. Sajenti alikuwa Myao mnene asiyependa maneno mengi. Alinifundisha kufungua silaha juu ya kitambaa cheupe, kila skrubu mahali pake, na kutoshika chuma kwa mkono mtupu, kwa sababu jasho huleta kutu. Fundi hushika kwa kitambaa chenye mafuta. Amri hiyo niliitii kuliko zote, na ndiyo iliyokuja kuniponza.

Mwaka wa pili nikahamishiwa Newala. Nilikuwa bado kwenye majaribio, yaani Serikali ingeweza kunirudisha kwenye cherehani siku yoyote. Nami nilikuwa nimemchumbia Skola, binti wa Mzee Nantanga wa Mkunya, Mmakonde mwenye chale uso mzima. Mzee alishanipa sharti lake: "Mwanangu haolewi na mtu wa majaribio. Wakikuthibitisha, njoo." Kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa mezani kwa Inspekta.

Inspekta huyo, Mzungu mrefu aliyekijua Kiswahili vizuri, alikuwa na bastola ya Kijerumani iliyobaki tangu vita vya kwanza. Ilikuwa ya kujipakia yenyewe: ukifyatua, nguvu ya risasi hurudisha chuma nyuma, hutupa ganda, na risasi nyingine hupanda. Tatizo ni kwamba ilikula risasi nyembamba ambazo hazikupatikana tena hata Lindi. Akaagiza kwao mtutu wa milimita tisa, kwa sababu risasi za tisa tulikuwa nazo tele.

"Jumamosi Mkuu wa Jimbo anakuja, tutashindana shabaha," akaniambia. "Ikifyatua vizuri, Jumatatu natia sahihi karatasi yako. Isipofyatua..." Akatazama dirishani, upande wa barabara ya Masasi.

Kubadili kipenyo, yaani upana wa tundu la mtutu, mara nyingi hudai ubadili pia springi na magazini, kile kisanduku cha risasi. Mimi nilibahatika: risasi zote mbili zilikuwa na kitako cha upana mmoja, hivyo magazini ya zamani ikazimeza zile mpya bila kulalamika. Hata hivyo nilishinda siku tatu nikipima na kujaribu risasi za bandia. Kisha nikaifunga bastola kwenye gogo, nikajibanza nyuma ya magunia ya mchanga, nikavuta kifyatulio kwa kamba. Risasi zote nane zikatoka bila kukwama, nami nikacheka peke yangu.

Ningeishia hapo, nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini vibao vya mpini vilikuwa vimeanza kutafunwa. Mchwa wa Newala hawaheshimu mali ya Serikali. Kule Mkunya watu hupaka nguzo za nyumba mafuta ya maganda ya korosho, na mchwa hawazigusi tena. Nilijua kuwa mafuta hayo hubabua ngozi, ila nguzo ya nyumba nani anaishika? Nikaviloweka vibao, nikavianika, vikatoka vyeusi vinang'aa. Nikavirudishia skrubu huku nimevishika kwa kitambaa, kama nilivyofundishwa. Kwenye daftari la ghala nikaandika, "Vibao vimepakwa dawa ya mchwa," na Inspekta akatia sahihi bila kusoma.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Inspekta alitokwa jasho, akapiga nane, saba zikaingia kwenye weusi wa shabaha. Mkuu wa Jimbo alipata nne, akasema ni upepo. Inspekta alifurahi mno, hakuiachia bastola yake mpaka chai ilipokwisha. Jumapili kanisani nilimwona anakuna kiganja wimbo hadi wimbo.

Jumatatu akaniita. Kiganja kilikuwa kimevimba na kubabuka, kimejaa vimraba vidogo vilevile vilivyochongwa kwenye mpini.

"Hizi risasi za tisa ni kali mno," akasema. "Zimeniunguza. Mtutu huu urudishwe."

Nikinyamaza, kazi yangu ya siku tatu ingeonekana mbovu. Nikisema, mbovu ningekuwa mimi. Nikamfikiria Skola. Nikaona heri nifukuzwe kwa kosa langu kuliko kwa kosa la mtutu usio na hatia.

"Afande, si risasi. Ni korosho."

Akakitazama kiganja chake. "Korosho," akasema.

Nikamweleza yote. Akaagiza daftari, akasoma, akaiona sahihi yake.

"Na wewe uliishika bastola hii?"

"Kwa kitambaa, Afande. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Leo ishike bila kitambaa. Mpaka nimalize chai."

Alikunywa vikombe vitatu, kwa mkono wa kushoto, taratibu. Kisha kwa mkono huohuo akaisaini karatasi yangu, sahihi iliyopinda hadi ukingoni.

Wiki ile nikaenda Mkunya.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona mkono unauficha?"

Nikamwonyesha karatasi, kisha kiganja. Mzee akakiinua hadi shavuni pake, akalinganisha. "Mie nilichanjwa na fundi," akasema. "Wewe umechanjwa na Serikali. Haya, mchukue."

Baadaye nilitumikia Lindi, kisha Songea, na kila silaha niliyoitengeneza niliishika mimi kwanza, mkono mtupu. Sasa nimestaafu, nimerudi kwenye cherehani, na kila ninayoitengeneza naijaribu kwenye nguo yangu. Skola anasema suruali zangu zina mishono mingi kuliko kitambaa.

Watu huniuliza kama nilipewa nishani. Uhuru ulipokaribia, Inspekta alikuja kuaga kikosi. Wengine wote aliwapigia saluti. Alipofika kwangu alivua glavu, akanipa mkono, na makovu ya vile vimraba vyake yakalala juu ya yangu.