TV ya betri "haina stima": uongo uliokata mkono wa dada yangu pale Kabati

Wakuu, ni kitu gani kilichonizuia kusema sentensi moja, niliyoijua vizuri, mbele ya watu wasiozidi kumi? Nimelibeba swali hili tangu ujana na bado sina jibu.

Salamu kwenu nyote. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha sitaziruka.

Nimechokozwa na mwanachama aliyeandika humu wiki hii kwamba TV za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, ni salama kufungua mradi "uchomoe tu". Nilisoma nikakasirika.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, degree ya fizikia mkononi, nikingoja kutumwa shule ya kufundisha. Nilikaa kwenye mji mdogo wa Kabati kwa dada yangu mkubwa, Ndanu, fundi wa nguo. Karo yangu yote ilikuwa imetoka kwenye cherehani yake.

Nyaya za stima hazikuwa zimefika kwetu. Dukani kwake Ndanu alikuwa na TV ndogo ya black and white iliyotumia betri ya gari, na betri yenyewe tuliipeleka kuchajiwa kwenye posho mill, kinu cha unga chenye injini ya dizeli. Wateja walingoja nguo zao wakitazama habari.

Vumbi la Kabati mnalijua. Lilipoingia ndani, TV ikaanza kutoa sauti kama ya mafuta yanayokaanga. Ikakaa imezimwa siku kadhaa, ndipo tukamwita Kimeu, fundi wa redio pale sokoni.

Kimeu alikuwa na mchezo wake. Alilamba vidole viwili, akavibandika kwenye vichwa vya betri, akatabasamu.

"Mnaona? Hii ni ya betri. Haina stima. Stima iko Nairobi!"

Watu wakacheka. Akafungua mgongo wa TV, akainua kifuniko cha raba kilichobandikwa ubavuni mwa kioo cha picha, akapangusa.

"Mama, usiniite kila saa. Toa betri, inua hii raba, panguza, rudisha. Kwani ni kazi?"

Kisha akanigeukia. "Ama msomi ako na swali?"

Wote wakanitazama. Nilijua kwamba ndani ya TV, volti chache za betri hugeuzwa kuwa maelfu. Nilijua pia kwamba kioo huutunza umeme huo hata baada ya kuzimwa, na kwamba Kimeu aliponea tu kwa sababu TV ilikuwa imelala siku nyingi.

"Sina," nilisema.

Wiki mbili baadaye, ile sauti ilirudi habari zikiendelea. Ndanu akazima, akatoa betri kama alivyofundishwa, akafungua mgongo, akaingiza mkono papo hapo.

Mimi nilikuwa nje nikinywa chai. Nilisikia "Aiya!" moja tu, kisha kishindo cha stuli.

Si umeme uliomlemaza. Umeme uliurusha mkono wake, na ukingo wa bati ndani ya TV ukampasua kiganja hadi kwenye kano za vidole viwili. Mkono wa makasi.

"Lakini nilitoa betri," aliniambia, damu ikipita kwenye kitambaa. "Nilitoa kwanza, mwalimu. Si nilitoa?"

Alikuwa ameanza kuniita mwalimu kabla sijapata hata darasa moja.

Hospitali walimshona. Vile vidole havikukunjika tena.

Jioni ya siku aliyorudi nyumbani, Kimeu alikuja na watu wa kanisa kutupa pole. Walipomaliza kuomba, alitikisa kichwa.

"Pole sana mama. Lakini hiyo betri hukuitoa vizuri."

Ndanu aligeuza kichwa. Alinitazama mimi. Hapo ndipo nilipoamua.

Kabla sijamalizia, wewe uliyeandika "chomoa tu", futa maneno yako. Kama hukufundishwa kuutoa umeme uliobaki kwenye kioo, usiifungue. Nanyi mafundi wa zamani mliomo humu, semeni: ni wangapi mmewahi kurushwa na TV iliyokuwa imezimwa? Na msomi unayekaa kimya ili usionekane unajidai, uzi huu ni wako kuliko wa mtu yeyote. Niambie kama wewe umepata jibu.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya soko. Nilibeba TV na betri hadi kwenye meza ya Kimeu, wateja wakiwa wamejaa. Nikaiwasha. Nikaizima. Nikachomoa betri na kuiweka chini, miguuni pake, kisha nikafungua mgongo wa TV.

Nilikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki, chuma chake kimeunganishwa kwa waya na bati la TV. Mkono mmoja nikauficha mgongoni, umeme usije ukapita kifuani. Nikaipenyeza chini ya raba.

Ta! Cheche ya buluu. Watu wakaruka nyuma, na Kimeu akiwa wa kwanza.

"Fundi, betri iko wapi?"

Akaitazama pale chini. "Iko hapa," akasema polepole.

"Basi waambie watu. Kioo hubaki na umeme hata betri ikitolewa."

Akawaambia, sauti yake ikiwa ndogo. Wakaanza kunung'unika, na mimi, nakiri, nikajisikia mshindi.

Ndipo mama mmoja, mteja wa Ndanu aliyekuwepo dukani siku ile ya kicheko, akanisogelea.

"Kwani hii ulikuwa unaijua, ukasema huna swali?"

Nilianza kuukunja waya wangu.