Kaseti ya Sita

Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, si jirani yangu wala rafiki wa shemeji yangu. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Mimi ni mfumaji wa masweta, sijui kutunga. Mtu wa hadithi alikuwa dada yangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, madukani kumejaa vitu tulivyozoea kuvisikia tu, na nusu ya vijana wa Arusha wanatembea na redio kaseti ya Dubai begani. Mimi na Dada Naishiye tulikuwa tumepanga chumba kimoja Sekei. Nilifuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono, mashine kuukuu yenye sindano moja mbovu. Kila nikiivuta ilisema shwa, shwa, tak. Naomba uikumbuke hiyo tak. Dada alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipolazwa na ugonjwa ule ambao siku hizo hatukuutaja jina, na dawa zake zilikuwa bado hazijafika kwetu. Ulianza na mwili, ukaja ukachukua na macho.

Macho ndiyo yaliyomliza. Dada hakuwahi kulala bila kusoma riwaya ya mapenzi, na sasa riwaya zake zote zilikuwa chini ya kitanda zinakula vumbi. Nilijaribu kumsomea. Kurasa mbili tu akaniambia, "Mdogo wangu, funga kitabu. Unasoma mapenzi kama matangazo ya kanisani." Tulicheka mpaka akaanza kukohoa.

Basi siku moja nilipita kibandani kwa Baba Salma, muuza kaseti wa kule sokoni, nikimtafutia Dada nyimbo za kwaya. Nikamweleza shida yangu. Akainama, akatoa kaseti tano zilizofungwa kwa uzi, zimeandikwa namba tu kwa kalamu. "Hizi si muziki," akasema. "Ni riwaya. Kuna dada mmoja wa Akheri anaisoma mwanzo mpaka mwisho. Kaka yake ndiye aliyeniletea. Imebaki moja, ya sita, anasema bado inakuja."

Riwaya inayosomwa kwenye kaseti! Hilo sikuwahi kulisikia. Nikakodi ya kwanza, shingo upande.

Niamini, jioni ile nyumba yetu iligeuka. Sauti ya yule msomaji ilikuwa nzito kidogo, haina haraka, inakaa nawe chumbani kama mgeni aliyeshavua viatu. Alisoma habari za Zawadi, karani wa posta kule Moshi, na Mussa, dereva wa malori ya Zambia. Mussa akizungumza, unamsikia Mussa. Zawadi akikasirika, unataka kumwambia apunguze hasira, mwenzake ni mtu wa safari. Mimi niliyekuwa nikiona riwaya ni mambo ya watu wasio na kazi, nilijikuta mikono iko kwenye mashine na moyo uko Moshi. Kuna sweta nililifuma mkono mmoja mrefu kuliko mwingine kwa sababu Mussa alikuwa anambusu Zawadi kwa mara ya kwanza. Mwenye sweta alinigombeza, nami wala sikujali.

Na Dada? Dada alikula. Alikuwa haigusi hata loshoro, mahindi ya maziwa ya mgando aliyoyapenda tangu utotoni, lakini kaseti ikiwa inaendelea nilimlisha kijiko baada ya kijiko, asijue hata kama anakula. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo mchana nilianika betri juani zipate nguvu, na utepe ukinasa niliurudisha kwa kalamu ya wino, taratibu, huku Dada akinihimiza, "Usiukate, tafadhali, usiukate."

Katika kaseti ya nne Mussa anaondoka, anaahidi kurudi. Haji. Barua hazifiki. Hapo Dada akageukia ukutani. Unajua, naye alikuwa na wake, aliyekwenda Mererani kuchimba tanzanite akasema Krismasi atakuwa nyumbani. Krismasi ngapi zimepita tangu hapo? Kaseti ya tano ikaishia na honi ya lori inalia nje ya nyumba ya Zawadi, na Zawadi anaacha chungu jikoni, anakimbilia mlango. Kaseti ikakatika.

"Sifi," Dada akasema gizani. "Siendi popote mpaka nijue kama Mussa amerudi."

Nesi aliyekuwa akija kumwangalia alishaniambia nijiandae, zimebaki wiki chache. Mimi nikayashika maneno ya Dada badala ya ya nesi. Alisema hafi mpaka ajue. Basi je, akijua? Na imebaki kaseti moja tu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Nilikwenda Akheri. Nilipandisha kutoka Tengeru mchana kweupe, lakini ukungu wa mlimani ulishuka mpaka migomba ikawa vivuli. Baba Salma alinielekeza: upite kanisa, nyumba ya bati jekundu yenye mparachichi. Barazani alikaa mwanamke wa makamo, amejifunga kanga mbili, anamenya maharage mabichi.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia marahaba. Alisema tu, "Karibu, keti," na ilikuwa sauti ile ile ya kwenye kaseti. Nilisahau hata adabu, nikaanza kulia hapo hapo, nikamweleza yote. Alisikiliza huku anamenya. Maganda yalianguka, maharage yalianguka, na beseni lake halikujaa. Hilo nililiona. Kwa nini sikuinuka nikakimbia? Mwenye shida haoni anachokiona.

"Kwa hiyo unataka nisimalize," akasema.

"Nakuomba, dada. Irefushe. Mussa achelewe kidogo tu."

"Nikimrefushia siku, na maumivu yake yatarefuka."

"Aishi tu. Mengine tutavumilia."

"Tutavumilia," akarudia, polepole. "Wewe na nani? Anayeumwa ni mmoja." Kisha akasema, "Haya. Lakini siku ukitaka iishe, uje mwenyewe uniambie. Mimi peke yangu siwezi kuimaliza."

Niliposhuka nilipita kwa Baba Salma. Nikamwambia, "Nipe nyingine." Akanipa kaseti isiyoandikwa kitu. Usiku ule tukaiweka, na sauti ikaja. Nje hakuwa Mussa. Alikuwa mwenzake wa safari, ameleta habari kwamba lori limeharibikia mpakani. Dada akapiga mto kwa ngumi: "Huyu mwanamume atanitoa roho!" Nami nikacheka, nikafurahi kuliko siku zote za maisha yangu.

Ikawa hivyo. Kaseti ikiisha nakwenda kuchukua nyingine. Mussa akafungwa kimakosa, akatoka, akaugua, akapona, akapotea njia. Wiki alizosema nesi zikapita, ikapita miezi. Nesi mwenyewe akawa anatikisa kichwa. Lakini Dada hakuwa anapona. Alibaki mifupa, na vidonda vya mgongoni havikufunga, na kumgeuza tu ilikuwa kilio. Hakulala. Alingoja kaseti. Mara nyingi nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo, nikaziba masikio.

Halafu siku moja nikasikia kitu. Kaseti ilikuwa inasoma, mashine yangu imetulia, kwa sababu nilikuwa nakunja masweta. Nyuma ya sauti ya msomaji nikasikia shwa, shwa, tak.

Nilidhani ni masikio yangu. Nikarudisha nyuma. Shwa, shwa, tak. Ilikuwa sindano yangu mbovu. Halafu mbwa wa mwenye nyumba akabweka, ndani ya kaseti. Halafu mtu akakohoa, na kikohozi kile nilikuwa nakijua kuliko jina langu.

"Dada," nikasema, "hizi kaseti zinasomewa wapi?"

"Si hapa hapa!" akajibu, kama namuuliza jambo la kijinga. "Yule mama anakuja kukaa kwenye kiti, wewe ukiwa unafuma. Kila siku nashangaa, mbona hata chai humkaribishi?"

Kiti kilikuwa kitupu mbele ya macho yangu. Nilizima redio, nikashika mkono wake. Ndipo aliponiambia neno ambalo mpaka leo linanichoma.

"Mdogo wangu, nimechoka. Mussa amechelewa mno. Nani anamzuia?"

Asubuhi nilipandisha Akheri. Siku hiyo hakukuwa na ukungu. Barazani kwenye nyumba ya bati jekundu alikaa mwanamume ananoa panga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba vizuri. Nikamwulizia dada yake, msomaji wa kaseti. Akanionyesha kwa panga chini ya mparachichi, kwenye kaburi la saruji lililoshaanza kuota nyasi pembeni.

"Alifariki masika ya mwaka juzi," akasema. "Kwa Baba Salma sikusema. Nani angekodi hadithi isiyo na mwisho? Nikamwambia moja bado inakuja. Nisamehe, shida tu."

Nilihesabu moyoni. Sisi kaseti ya kwanza tulikuwa bado hata hatujaisikia. "Na kitabu?" nikamwuliza. "Kitabu alichokuwa anakisoma kiko wapi?"

"Hakukuwa na kitabu. Alikuwa anaitunga kichwani, anasema kwenye redio kama anasoma. Alikuwa na mchumba wake, dereva. Huyo naye hakurudi."

Alipoingia ndani kuniletea maji, nilipiga magoti pale kaburini. Sikuwa na maneno ya maana. Nilisema, "Dada, ni mimi niliyekuomba. Nimekuja mwenyewe kama ulivyosema. Tafadhali imalize." Nililia kama ninayemzika mtu, na kweli nilikuwa namzika.

Nilifika Sekei jua bado liko juu ya migomba. Mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha. Dada alikuwa amelala chali, uso wake umetulia, uso niliousahau kabisa, wa kabla ya ugonjwa. Kiti kilikuwa kimesogezwa mpaka kitandani. Chini yake palikuwa na maganda ya maharage mabichi, na sisi maharage hatukuwa tumepika tangu Dada aanze kuyatapika.

"Amerudi," Dada akasema.

"Nani?"

"Mussa! Yule mama amemaliza sasa hivi. Hamkupishana mlangoni?" Akacheka, kicheko kizima, bila kukohoa. "Wewe, ungesikia alivyorudi! Nilikuwa namtukana bure kumbe masikini."

"Alirudije? Niambie."

"Kesho," akasema. "Nitakusimulia kesho, taratibu. Leo acha nilale kwanza."

Akalala. Nilikaa kwenye kile kiti nimemshika mkono. Alfajiri mkono ukawa baridi, na mimi kesho yangu sijaipata mpaka leo.

Baada ya mazishi nilikwenda kumlipa Baba Salma kodi ya kaseti iliyobaki. Akanipa pole, halafu akanitazama. "Kodi ya zipi? Za riwaya zilikuwa tano tu, na ulishazirudisha. Zile nyingine ulikuwa unanunua kaseti tupu, ukalipa taslimu. Nilidhani mgonjwa anarekodi sauti yake akuachie kumbukumbu."

Nilirudi nyumbani nikaziweka zote, moja baada ya nyingine. Sauti ya msomaji haimo. Zawadi hayumo wala Mussa. Kuna mashine yangu tu, shwa, shwa, tak, na kimya kirefu kirefu, na ndani ya kile kimya sauti ya dada yangu, dhaifu, ya mtu aliyeelekeza sikio.

Sasa nina nywele nyeupe. Wajukuu wananiwekea riwaya za kusomwa kwenye simu, tamu kweli kweli, nazisikiliza nikiwa nafuma. Mashine nilibadilisha zamani. Lakini sura ya mwisho ikikaribia huwa natoka nje, nakaa barazani mpaka iishe. Wanadhani bibi ana mambo yake. Waache.

Ila wewe nakuonya. Mtu wako akifika mwisho wa hadithi yake, keti naye uisikilize, usimwombee kwa yeyote usiyemjua achelewe. Na ukiwa unasikiliza riwaya, ukaisikia nyumba yako mwenyewe nyuma ya sauti ya msomaji, zima. Zima kabla hujazoea. Mimi bado ninayo kaseti moja, utepe umechakaa, nimeuunga kwa gundi mara mbili. Nikizidiwa naiweka. Simsikii anayesimulia, hata nikitega sikio namna gani. Namsikia Dada tu, anasema, "Enhe? Halafu?"